Makipa wa Mtibwa: Kocha apimwe kwa lipi?

KATIKA timu ya wachezaji 11, kumi wanaweza kuhamishwa kocha akitaka. Beki wa kulia atapelekwa kushoto, kiungo atarudishwa nyuma, na mshambuliaji aliyepungua makali ataingizwa dakika ya 75 akatafute bao la kuokoa siku. Mlinda mlango hana nafuu hiyo. Ama anadaka, ama anakaa benchi. Na akikaa benchi anaweza kuumaliza msimu mzima jasho lake likiishia mazoezini.

Kwa sababu hiyo, kumpima kocha kwa makipa aliowachagua na kuwakuza ni kazi ngumu kuliko kumpima kwa wafungaji. Mfungaji ana mabao yake, nayo yanahesabika. Kipa hana hesabu safi namna hiyo. Mechi aliyoimaliza bila kuruhusu bao huenda ilikuwa kazi ya mabeki wanne waliohakikisha haguswi na mpira, na mechi aliyofungwa manne huenda ndiyo aliyoitumikia timu yake vizuri kuliko zote.

Mashabiki wa soka nchini wamezoea kuikwepa shida hiyo kwa swali moja jepesi: je, kipa huyo amesajiliwa na Simba au Yanga? Akisajiliwa, kocha aliyemtoa husifiwa. Akifika huko akasugua benchi, kocha yuleyule huambiwa kwamba alikuwa akilikuza jina la mtu wa kawaida. Kipimo hicho kinatumika vijiweni, kinatumika redioni, na kwa bahati mbaya kinatumika hata ndani ya vikao vya viongozi wanaoajiri na kufukuza makocha.

Mkoa wa Morogoro ni mahali pazuri pa kukichunguza, kwa kuwa ni klabu chache nje ya Dar es Salaam zilizowapelekea vigogo wawili walinda mlango wengi kama Mtibwa Sugar.

Timu ya mashamba ya miwa

Morogoro haikuanza kujua soka jana. Mji huo uliolala chini ya safu ya Milima ya Uluguru, ambao wenyewe huuita Mji Kasoro Bahari, ulitoa bingwa wa Tanzania mwaka 1975, timu ya Mseto. Baadaye ikaja Reli ya Morogoro, ambayo kwa tabia yake ya kuwasumbua wakubwa ilipewa jina la Kiboko ya Vigogo. Wenye umri wa kutosha wanaikumbuka ikicheza katika Uwanja wa Jamhuri huku Uluguru ikionekana nyuma ya majukwaa.

Mtibwa ni habari nyingine. Maskani yake ni Manungu, Turiani, katika Wilaya ya Mvomero, mbali na mji, upande wa Milima ya Nguru na katikati ya mashamba ya miwa ya kiwanda cha sukari kilichoipa jina. Ndiyo maana wanaitwa Wakata Miwa. Timu hiyo ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mara mbili mfululizo, mwaka 1999 na 2000, na mwaka 2018 ikachukua Kombe la Shirikisho kwa kuifunga Singida United mabao 3-2 kwenye Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha.

Timu ya kiwanda iliyoko kijijini haina mashabiki wa kujaza uwanja kila wiki, na haiwezi kushindana na klabu za Dar es Salaam kwa fedha za usajili. Inabaki na njia mbili: kumwona mchezaji mapema kabla wengine hawajamwona, au kumchukua yule ambaye wengine wamemtupa. Makocha wa Mtibwa wametumia zote mbili.

Kwa wachezaji wa ndani, matokeo yake yanafahamika. Juma Abdul na Said Bahanuzi walikwenda Yanga mwaka 2012, na Hussein Javu akawafuata mwaka 2013. Hassan Kessy alikwenda Simba. Mwaka 2016 Simba ilichukua kwa mkupuo Shiza Kichuya, Muzamiru Yassin na Mohamed Ibrahim, na haikupita miezi mingi kabla Kichuya hajaifunga Yanga kwa mpira wa kona ulioingia moja kwa moja, Oktoba 1 mwaka huo. Kibwana Shomari aliifuata njia ya Jangwani mwaka 2020, Dickson Job akafuata katika dirisha dogo la msimu huohuo. Kundi hilo halihitaji utetezi. Job alikuwa nahodha wa Serengeti Boys katika fainali za Afrika za vijana nchini Gabon mwaka 2017, akaja kuwa beki tegemeo wa Yanga. Muzamiru aliwaona makocha wengi wakija na kuondoka Msimbazi, yeye akabaki.

Kwa makipa, hali ni tofauti kabisa.

Wanne waliokwenda Dar es Salaam

Wa kwanza ni Shaaban Kado, aliyesajiliwa na Yanga mwaka 2011. Alikuta lango lina mwenyewe, Yaw Berko kutoka Ghana. Kado hakuwahi kulimiliki lango hilo, akazunguka katika klabu nyingine kabla ya kurejea Mtibwa, mahali alipojulikana.

Wa pili ni Hussein Sharif, aliyepewa jina la Casillas, ambalo ni mzigo mzito kwa kijana yeyote wa Kitanzania. Simba walimchukua mwaka 2014. Mbele yake alikuwapo Ivo Mapunda, mkongwe aliyekwisha kudaka Ethiopia na Kenya. Watani walipokutana Oktoba 18, 2014, Mapunda na Sharif wote walikuwa majeruhi, na aliyesimama langoni ni kijana Peter Manyika, mtoto wa kipa wa zamani wa Yanga na Taifa Stars mwenye jina hilohilo. Mchezo uliisha bila bao, na Manyika akawa ndiye gumzo la mji. Mwaka uliofuata Sharif alirudi Turiani.

Wa tatu ni Said Mohamed, maarufu kama Nduda. Kisa chake kinasikitisha kuliko vyote. Julai 2017 alikuwa Afrika Kusini na Taifa Stars iliyokuwa chini ya Salum Mayanga, kocha ambaye naye alitokea Mtibwa. Katika mchezo wa kuwania nafasi ya tatu ya Kombe la COSAFA dhidi ya Lesotho, Stars ilishinda kwa penalti 4-2 baada ya dakika 90 kwisha bila bao, na Nduda ndiye aliyekuwa langoni. Simba ikamsajili. Lakini dirisha hilohilo Simba ilimsajili pia Aishi Manula kutoka Azam, na Emmanuel Mseja kutoka Mbao. Makipa watatu wapya kwa lango moja. Kabla msimu haujaanza Nduda akaumia, na alipopona Manula alikuwa amekwisha kujijengea ngome.

Wa nne ni Aboutwalib Mshery, aliyekwenda Yanga katika dirisha dogo la msimu wa 2021/22. Huyu alipata nafasi mapema, kwa kuwa kipa namba moja, Djigui Diarra, alikuwa na timu ya taifa ya Mali kwenye Fainali za Mataifa ya Afrika za Januari 2022. Yanga ilimaliza msimu huo bila kupoteza mchezo wa ligi, na Mshery akaitwa Taifa Stars. Kisha goti likamweka nje kwa muda mrefu. Hadi msimu wa 2024/25 alikuwa bado Jangwani, akiwa nyuma ya Diarra.

Makipa wanne, miaka kumi na zaidi, na hakuna hata mmoja aliyelitwaa lango la kigogo kwa kudumu. Kwa kipimo cha vijiweni, hapo kesi imekwisha: Mtibwa inajua kukuza viungo na mabeki, makipa haijui.

Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Anayeisoma orodha hiyo kwa makini ataona kwamba mambo mengi yaliyowakwamisha wanne hao hayakuwa mikononi mwa kocha yeyote wa Turiani. Berko, Mapunda, Manula na Diarra walikuwa wachezaji wa daraja la juu. Kukaa nyuma yao si fedheha. Majeraha mawili makubwa yanahusu mwili na bahati. Uamuzi wa kusajili makipa watatu kwa wakati mmoja ni wa klabu iliyonunua, si wa klabu iliyouza.

Aidha, vigogo wameendelea kutafuta walinda mlango nje ya mipaka. Baada ya Diarra kutua Yanga mwaka 2021, Azam ilimleta Ali Ahamada wa Comoro mwaka 2022 na Mohamed Mustafa wa Sudan mapema mwaka 2024. Simba ilimchukua Ayoub Lakred wa Morocco mwaka 2023, kisha Moussa Camara wa Guinea mwaka 2024. Klabu tatu zenye fedha zikiwa na makipa wa kigeni, kijana anayetoka Mtibwa anapandishwa ngazi ambayo kidato chake cha mwisho kimekwisha kukaliwa.

Mganda Denis Onyango ni mfano unaofaa kukumbukwa na kila anayedhani benchi ni hukumu. Alipofika Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini mwaka 2011 hakupewa lango. Alipelekwa kwa mkopo Bidvest Wits, akacheza, akarudi. Mwaka 2016 Sundowns ilitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika yeye akiwa langoni, na akachaguliwa mchezaji bora wa mwaka kwa wanaocheza ndani ya bara. Angepimwa mwaka 2012, waliomlea Kampala wangeambiwa wameshindwa.

Makipa hukomaa polepole. Essam El Hadary wa Misri alicheza Kombe la Dunia mwaka 2018 akiwa na miaka 45, akaokoa na penalti. Kocha anayemkabidhi mlinda mlango wa miaka 21 kwa klabu kubwa amekabidhi kazi isiyokwisha, na waliompokea ndio wanaopaswa kuimalizia.

Kulea si kusajili

Hata hivyo, kumwondolea kocha lawama zisizo zake si sawa na kumpa sifa zisizo zake. Hapa ndipo hesabu za Mtibwa zinapohitaji kuchambuliwa.

Kipa aliyetoka Mtibwa si lazima awe kipa aliyelelewa Mtibwa. Wapo waliofika wakiwa wamekwisha kudaka kwingine, wakakaa misimu michache, wakauzwa. Benedict Tinoco, aliyekuwa miongoni mwa walinda mlango wa Wakata Miwa katika miaka ya Kombe la Shirikisho, aliwahi kuwa Yanga kabla ya hapo. Kwa mchezaji wa namna hiyo, kinachostahili kuangaliwa ni jicho la kocha: aliona nini kwa mtu ambaye mwingine amemwacha? Kwa kijana aliyepanda kutoka timu ya vijana, kinachoangaliwa ni mkono wa kocha: alimkuta anajua nini, na alipoondoka alikuwa ameongeza nini? Hizo ni stadi mbili, na kocha anaweza kuwa hodari kwa moja na dhaifu kwa nyingine.

Mecky Mexime anaonyesha tofauti hiyo. Beki huyo wa zamani wa Mtibwa na nahodha wa Taifa Stars aliinoa Mtibwa hadi mwaka 2016, na kundi la akina Kichuya liliiva mikononi mwake. Alipohamia Kagera Sugar, langoni alimpata Juma Kaseja, mkongwe aliyekwisha kuvaa jezi za Simba na Yanga. Kagera ikamaliza ligi ya 2016/17 katika nafasi ya tatu na Mexime akatangazwa kocha bora wa msimu. Hapo hakulea kipa. Alimtumia mtu aliyekamilika kuituliza timu yake, na alikuwa sahihi. Anayeandika orodha ya "makipa waliokuzwa na Mexime" na kumweka Kaseja humo atakuwa anachekesha. Anayesema Mexime hakujua kuchagua kipa atakuwa amekosea zaidi.

Zuberi Katwila, naye mchezaji wa zamani wa Mtibwa, ndiye aliyekuwa kocha wakati Kombe la Shirikisho linakwenda Turiani, na alibaki hadi mwaka 2020. Kwake na kwa Mexime, kuna jambo ambalo takwimu za usajili hazilisemi: wote wawili waliwajua vijana wa Morogoro kabla ya mawakala. Mji una vituo na timu za watoto, Moro Kids ikiwa maarufu kuliko nyingine, na kocha aliyekulia Mtibwa hahitaji kuletewa mkanda wa video ili kumjua kijana anayecheza umbali wa safari ya basi moja.

Lakini jicho hilo halikuona wote, na hakuna jicho linaloona wote. Aishi Manula, kipa aliyelitawala lango la Taifa Stars kwa muda mrefu kuliko wenzake wa rika lake, ni mzaliwa wa Morogoro. Jina lake lilijengwa Chamazi, katika kituo cha Azam, si Turiani. Mwaka 2017 Simba ilipowasajili yeye na Nduda kwa pamoja, lango moja liligombewa na watu wawili wa mkoa mmoja, mmoja kwa kuzaliwa na mwingine kwa klabu. Orodha za waliouzwa huwa hazina safu ya waliopita pembeni, na ingekuwapo, makocha wengi wangeonekana tofauti.

Kaseja na macho ya makocha

Kaseja mwenyewe ni shule. Kabla ya kuvuma alidakia Moro United, timu iliyobeba jina la Morogoro. Simba ikamchukua, na mwaka 2003 Wekundu wa Msimbazi wakaitoa Zamalek ya Misri katika Ligi ya Mabingwa kwa mikwaju ya penalti mjini Cairo, Kaseja akiwa shujaa. Miaka michache baadaye, kocha Mbrazili Marcio Maximo, aliyeifundisha Taifa Stars kuanzia 2006 hadi 2010, alimweka nje ya kikosi kwa sehemu kubwa ya kipindi chake. Nchi iligawanyika. Maximo aliipeleka Stars kwenye fainali za kwanza za CHAN nchini Ivory Coast mwaka 2009 bila Kaseja, na bado hadi leo kuna watu wazima watakaonyanyua sauti mezani jina lake likitajwa.

Alikosea? Kwa matokeo ya timu, alikuwa na hoja. Kwa thamani ya kipa, miaka ilimpinga. Agosti 4, 2019, miaka 16 baada ya usiku wa Cairo, kocha Etienne Ndayiragije alimrudisha Kaseja langoni dhidi ya Kenya uwanjani Kasarani, na Stars ikashinda kwa penalti 4-1 katika safari ya kufuzu CHAN. Mwezi uliofuata, Septemba 8, Burundi ilitolewa Dar es Salaam kwa penalti 3-0 katika mechi za awali za Kombe la Dunia, mlangoni akiwa mtu yuleyule.

Mkasa huo unaonyesha kwamba kocha wa timu ya taifa na kocha wa klabu ya mkoani hawawezi kupimwa kwa mizani moja. Wa taifa anachagua; hana muda wa kulea. Anapewa siku chache za kambi na mchezo mmoja. Wa klabu anakaa na kijana miezi kumi kwa mwaka, anamwona akiwa amechoka, akiwa na njaa, akiwa amefungwa bao la kijinga mbele ya watu wake. Mwenye deni la malezi ni huyu wa pili.

Kazi yenyewe ya malezi imebadilika. Hadi mwaka 1992 kipa aliweza kuudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na beki wake. Sheria ilipobadilishwa, ghafla mlinda mlango alitakiwa ajue kupiga pasi kama beki. Kuanzia msimu wa 2025/26 sheria imeongeza jingine: kipa akishika mpira zaidi ya sekunde nane, wapinzani wanapewa kona. Kijana anayefundishwa kuruka na kudaka tu, kama walivyofundishwa enzi za akina Juma Pondamali 'Mensah', hatafika mbali siku hizi, hata akiwa na mikono ya sumaku. Pondamali aliyekuwa na Taifa Stars Lagos mwaka 1980 alikuja kuwa kocha wa makipa wa Yanga, na bila shaka aliyaona mabadiliko hayo kwa macho yake.

Hata hivyo, mazoezi peke yake hayamkuzi kipa. Kinachomkuza ni mechi, na hasa mechi inayofuata ile aliyoharibu. Kocha anayemtoa kijana baada ya kosa moja huokoa pointi tatu na kupoteza kipa. Mtibwa, kwa kuwa haikuwa na mbadala wa bei kali, mara nyingi ililazimika kumvumilia kijana wake, na umaskini huo wa benchi ukageuka kuwa darasa. Jambo kama hilo limeonekana pia JKT Tanzania, ambako Yakoub Suleiman alidaka hadi akawa kipa wa Taifa Stars iliyofika robo fainali ya CHAN Agosti 2025, kisha Simba ikamsajili. Na Simba wenyewe walijifunza kwa ajali: Aprili 2023 Manula na Beno Kakolanya walipokosekana, kijana wao Ally Salim alisimama langoni Yanga ikifungwa 2-0, na wiki moja baadaye Wydad ya Morocco ikafungwa 1-0 Dar es Salaam. Alikuwa pale siku zote. Hakuna aliyemjua kwa kuwa hakuna aliyemchezesha.

Baada ya kuondoka

Swali ambalo kwa kawaida halimfikii kocha ni hili: kipa alipouzwa, nyuma yake alikuwapo nani?

Kwa muda mrefu Mtibwa ilikuwa na jibu. Kado aliondoka, Sharif akaonekana. Sharif aliondoka, Nduda akaonekana. Baadaye akaja Mshery. Lango halikubaki wazi, na mnyororo huo, kuliko jina lolote moja, ndio ushahidi mzito zaidi kwamba kazi ya makipa Turiani ilifanywa kwa utaratibu. Timu ya vijana wa chini ya miaka 20 ya Mtibwa, ambayo imepata kutwaa ubingwa wa nchi wa rika hilo, ilikuwa sehemu ya mnyororo huo.

Mwaka 2024 Mtibwa ilishuka daraja, baada ya zaidi ya miongo miwili katika Ligi Kuu. Ingekuwa dhuluma kuubandika mzigo huo kwa makipa, au kwa kocha mmoja. Timu haishuki kwa nafasi moja. Lakini ni haki kuuliza klabu inayouza kila mwaka inabakiza nini. Job, Kibwana na Mshery waliondoka ndani ya muda usiozidi miaka miwili. Ladack Chasambi alikwenda Simba katikati ya msimu uleule wa kushuka. Kocha hawezi kupongezwa kwa mauzo na kufukuzwa kwa matokeo bila mtu yeyote kuyaweka mambo hayo mawili kwenye karatasi moja.

Upo pia upande wa fedha. Kanuni za FIFA zinatenga asilimia tano ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Nickson Kibabage alipokwenda Difaa El Jadida ya Morocco mwaka 2019, alifungua aina ya mlango ambao klabu kama Mtibwa ingetamani ufunguke mara nyingi. Kwa makipa mlango huo haujafunguka, wote wanne waliishia Dar es Salaam. Kipa anayeuzwa kwa kigogo wa hapa nchini akakaa benchi miaka mitatu hauziki tena nje, na klabu iliyomlea inakuwa imekula mbegu.

Mtibwa ilirejea Ligi Kuu kwa msimu wa 2025/26 baada ya kutwaa ubingwa wa Championship. Katika viwanja vya Morogoro, kuanzia Jamhuri hadi vile vya shule chini ya Uluguru, wapo vijana wanaovaa glavu zilizochanika na wazazi wanaotakiwa kuamua mtoto akabidhiwe kwa nani. Kwa kawaida mzazi humuuliza kocha ni makipa wangapi amewapeleka Simba na Yanga. Angefaidika zaidi kuuliza kipa wa pili wa timu hiyo alicheza mechi ngapi msimu uliopita, na yule wa kwanza alipofungwa bao la kizembe, wiki iliyofuata nani alianza.